Kiatu kipya cha ngozi, kabla hujatia mguu

Januari hii meseji nyingi zimekuja za viatu na sababu inajulikana, shule zinafunguliwa, wengine wamepangiwa vituo vipya vya kazi, na mvua za huku kwetu ndo zimekolea. Waliouliza kitu kilekile nimewajibu kwa pamoja. Majina nimeyaacha, nimeweka mahali tu.

SWALI: Za saa hizi mhariri. Naoa mwishoni mwa mwezi wa pili, nimenunua viatu vyeusi vya ngozi vya kamba hapa Mbeya mjini, vipya kabisa siyo mtumba. Shida ni vigumu balaa, nyuma vinakwangua kisigino na pale vidole vinapokunjia panabana. Bestimeni wangu anasema nivipake mafuta ya alizeti nivilaze karibu na jiko usiku kucha vitalainika. Fundi wa mtaani anasema vishonwe soli kwanza. Mama anasema nisiviguse mpaka siku yenyewe visije vikachafuka. Nishike la nani? (Bwana harusi mtarajiwa, Uyole)

JIBU: Hongera sana bwana harusi. La fundi lichukue, la mama lichukue nusu, la bestimeni liache hukohuko jikoni.

Tuanze na la jiko. Huku kwetu baridi inafanya kila kitu kisogezwe kwenye mkaa, soksi, madaftari ya watoto, mpaka viatu, na hapo ndo ngozi nyingi zinapofia. Ngozi kwa ndani ni nyuzinyuzi zimefumana, na kinachozifanya ziteleze unapokunja mguu ni unyevu kidogo pamoja na mafuta yaliyotiwa kiwandani ilipokuwa inatengenezwa. Moto unaondoa vyote viwili kwa mkupuo, nyuzi zinasinyaa zinashikana, kesho ukikunja kidole unasikia tu kah, mstari umeshajichora. Na kiatu kikiwa kimelowa ndo mbaya zaidi kwa sababu ngozi yenye maji inasinyaa kwa joto dogo kuliko ngozi kavu. Hapo sijataja gundi ya soli, ambayo ikipata joto inalegea, we unadhani unalainisha kumbe unafumua.

Alizeti nayo hapana, hata kama Singida wanakamua nzuri kiasi gani. Mafuta ya kula yakikaa kwenye ngozi yanachacha, yananata, yanakusanya vumbi, na ukitia mengi kiatu kinalegea kinapoteza shepu, halafu kiwi ikipakwa juu haishiki, inatelezateleza tu. Ngozi haitaki kulowekwa, inataka kidogo kidogo.

Sasa la fundi. Viatu vingi vipya vinavyouzwa mjini soli yake imeshikwa na gundi peke yake, na ule uzi unaouona pembeni mara nyingi ni geresha, umechongwa kwenye raba tangu kiwandani. Ingiza ukucha, kama uzi hauchezi hata kidogo na chini ya soli hamna uzi unaotokea, hamna kilichoshonwa hapo. Hiyo pea mpelekee fundi sasa hivi soli ikiwa bado safi, maana ikishakanyaga tope hata gundi mpya haishiki vizuri. Ila kama kweli imeshonwa kiwandani usiitoboe tena, mashimo juu ya mashimo yanadhoofisha.

Fundi anayejua haanzi na sindano, anaanza na kisu. Anachana mfereji mwembamba kuzunguka soli yote karibu na ukingo, ndo anatoboa na msharasi, uzi wa nailoni ameshauburuza kwenye kipande cha nta, mkono mmoja umezama ndani ya kiatu unauleta uzi, mwingine uko chini unauvuta na kuukaza. Uzi unalala ndani ya ule mfereji halafu anapitisha gundi juu na kuugonga ufunge. Ukitembea kwenye lami inayosagika ni soli, uzi uko salama. Fundi wa fasta anaruka hatua ya kisu, uzi unabaki juujuu, changarawe za mtaani zinaumaliza ndani ya muda mfupi. Kwa hiyo usimwachie kiatu ukaenda zako, kaa kwenye kibenchi umwangalie, na kama kisu hakitoki mwambie akitoe.

Vikirudi kutoka kwa fundi ndo unaanza kazi yako. Toa kamba. Futa vumbi kwa kitambaa cha pamba chenye unyevu kidogo tu, acha vikauke vyenyewe kivulini. Chukua krimu ya viatu nyeusi, ile laini ya kwenye chupa au tyubu, siyo kiwi ya maji yenye sponji. Kiwi ya maji inaacha utando juu unaong'aa kwa haraka na kupasuka kwa haraka hivyohivyo. Kiasi cha punje ya harage kinatosha kiatu kimoja, sugua kwa mizunguko midogo, usisahau ulimi na ile mikunjo inapokutana na soli, maana ndo panapopasuka kwanza. Acha usiku mzima. Asubuhi piga brashi, ndo sasa unakuja na kiwi ya kopo bapa, ile yenye nta, safu nyembamba, subiri kama robo saa, brashi tena. Krimu inalisha ngozi, kiwi ya kopo inaikinga na kuing'arisha, watu wengi wanaanza na ya pili wakiacha ya kwanza ndo maana kiatu kinang'aa huku kinapasuka.

Halafu kuvaa. Hapa ndo mama yako ana nusu yake, visitoke nje, lakini kuvaliwa vivaliwe. Soksi nene, ndani ya nyumba, kwenye sakafu kavu, siku ya kwanza nusu saa wakati wa taarifa ya habari, kesho yake ruka, keshokutwa saa nzima, unaendelea hivyo ukiongeza. Panda ngazi kama zipo, chuchumaa, inuka. Joto la mguu wako na jasho kidogo vinaifundisha ngozi mahali pa kukunjia, na hilo hakuna jiko linaloweza. Ile sehemu ngumu ya nyuma ifunike na kitambaa, ibinyebinye na vidole gumba mpaka uone inaanza kutii, halafu ndani yake sugua kipande cha mshumaa mkavu, kisigino kitateleza badala ya kukwanguliwa. Plasta bandika kabla ya lengelenge, siyo baada.

Ila jambo moja nikwambie ukweli, ngozi inaongezeka upana, urefu haiongezeki. Kama kinachobana ni pembeni, wiki hizi zinatosha. Kama kidole kirefu kinagonga mbele, krimu zote za Mbeya hazitakusaidia, rudisha dukani sasa wakati soli bado haijashonwa. Na ukapime jioni, mguu wa jioni umevimba kidogo, kiatu kikiutosha huo kitakutosha saa zote.

Mwisho kabisa, angalia chini. Soli mpya, hasa ya ngozi au ya plastiki ngumu, inateleza vibaya kwenye tailizi. Ipitishe msasa kidogo pale panapokanyaga. Unaingia ukumbini na kwaito, kamera zote zinakutazama, usiingie kwa mgongo.

SWALI: Nauza viatu mtumba na vipya Mwanjelwa. Wateja wananisumbua, wanataka niwashe kiberiti kuwaonyesha kama ni ngozi kweli. Na wengine wananiuliza kwa nini ngozi moja ngumu nyingine laini wakati zote ng'ombe. Niwajibu nini? (Mfanyabiashara, Mwanjelwa)

JIBU: Kiberiti weka mfukoni mdogo wangu. Ngozi ikiungua inanuka nywele zilizoungua na plastiki inayeyuka, ni kweli, lakini bidhaa nyingi saivi ni ngozi iliyopakwa plastiki juu, kwa hiyo moto unakudanganya na kiatu umeshakiharibu. Mwonyeshe mteja ukingo uliokatwa, ulimi wa kiatu au pale kamba zinapoingilia kama hapajakunjwa. Ngozi ina nyuzi zilizochanika ovyoovyo, reksini, yaani ngozi bandia, ina kitambaa kilichofumwa kwa mpangilio na utando juu yake. Halafu bonyeza na kidole, ngozi inaleta mikunjo midogo midogo isiyofanana, plastiki inabonyea kama shimo moja na kurudi.

Kuhusu ugumu, siyo ng'ombe, ni dawa iliyotumika kuifanya isioze. Kuna njia mbili kubwa. Moja ya zamani ni ya magome ya miti, na hapa sisi watu wa Nyanda za Juu tunayo ya kujisifia, maana yale mashamba ya miwati unayoyaona ukipita Njombe yalipandwa kwa kazi hiyohiyo. Kampuni ya Tanwat ilianza 1949, magome ya miwati yanachemshwa yanatolewa dawa ya kutengenezea ngozi, ambayo inauzwa mpaka nje. Ngozi ya magome inakuwa nzito, ngumu mwanzoni, inachukua muda kuzoea mguu, ikipata mafuta inakolea rangi, lakini ikishakubali mguu wako imekubali. Njia ya pili ni ya chumvi za kromiamu, ya haraka zaidi na ndo imeshika viwanda vingi duniani, ngozi yake laini tangu siku ya kwanza na inavumilia maji na joto zaidi.

Ukitaka kuzijua, turudi kwenye ukingo. Ya magome mara nyingi ni kahawia mpaka katikati, ya kromiamu katikati ina rangi ya kijivu inayoelekea bluu, isipokuwa kama imepigwa rangi mpaka ndani. Mteja wa ngozi ya magome mwambie aende nayo taratibu kama nilivyomwambia bwana harusi wa Uyole. Wa kromiamu krimu safu moja inatosha akavaa. Ukimweleza hivyo mteja hatakuomba kiberiti, na pengine hata bei hatakulalia sana.

SWALI: Kamwene. Mimi mwalimu, nimeajiriwa mwaka huu na kupangiwa Makete. Nimejinunulia viatu vya ngozi vya kahawia kwa ajili ya kazi na nimeambiwa huko ni mvua, ukungu na tope. Nawezaje kuviandaa visiingie maji? Kuna mtu kaniambia niviyeyushie nta ya nyuki. (Mwalimu mpya, kwa sasa Iringa)

JIBU: Kamwene mwalimu, na pole kwa baridi unayoifuata, blanketi usisahau.

Nta inafanya kazi lakini ina masharti. Peke yake ni ngumu, haiingii, inakaa juu na kuvunjikavunjika, ndo maana inachanganywa na mafuta ya kulainishia ngozi au unanunua kabisa dawa ya viatu yenye nta ndani. Ya pili, kahawia yako itakolea, na haitarudi. Kwa hiyo jaribu kwanza kwenye ulimi, sehemu inayofichwa na kamba, acha ilale, kesho utazame mchana kwenye mwanga wa jua ndo uamue. Ikikubalika, paka safu nyembamba kwa kidole, joto la kidole linatosha kuilainisha, sisitiza pale ngozi inapokutana na soli na kwenye mishono, hapo ndo mlango wa maji. Kama viatu vyako ni vile vya manyoyamanyoya, suede, basi hayo yote sahau, nta na kiwi vinavilaza manyoya vinakuwa na mabaka, hivyo vinataka brashi kavu na dawa yake ya kupuliza, na kusema kweli Makete ya Februari siyo mahali pa suede.

Lakini hakuna dawa itakayofanya kiatu cha kamba kiwe gambuti. Njia iliyolowa weka gambuti mguuni, viatu kwenye begi, ukifika ofisini unabadilisha. Utakuta na wenzako wanafanya hivyohivyo, na wanafunzi hawatakushangaa.

Siku ikitokea vimelowa kweli, futa tope kabla halijakauka, toa kamba, vuta soli ya ndani kama inatoka, jaza magazeti yaliyokunjwakunjwa na uyabadilishe yakishanyonya. Vilaze ubavu ili soli nayo ipate hewa. Mbali na moto, nimeshasema. Vitachukua siku moja, pengine mbili kwa baridi ya huko, kwa hiyo pea moja haikutoshi mwalimu, mshahara wa kwanza ukiingia fikiria ya pili, hata ya mtumba. Kiatu kilichovaliwa jana kinatakiwa kipumzike leo, mvua iwepo isiwepo, jasho la mguu nalo ni maji. Na vikishakauka virudishie krimu, maana maji yakitoka yanaondoka na mafuta.

Usivihifadhi kwenye mfuko wa plastiki. Ukungu mweupe utaota mpaka kwenye kamba.

SWALI: Mwanangu anaingia kidato cha kwanza bweni, shule inataka viatu vyeusi vya ngozi. Nimemchukulia namba mbili juu ili vimfikishe mwaka ujao. Je niweke pamba mbele? (Mama, Mafinga)

JIBU: Mama nakuelewa, hela haiokotwi, lakini namba mbili ni nyingi. Kiatu kikubwa kinakunjika mahali ambapo mguu haukunji, kwa hiyo kinapasuka mapema, na kisigino kinapanda na kushuka kila hatua, malengelenge hayatamwisha, ataishia kukikanyaga nyuma kama kandambili na mwezi wa tatu hukitamani tena. Nafasi ya upana wa kidole gumba chako mbele ya kidole chake kirefu, akiwa amesimama na soksi za shule, hiyo inatosha kukua. Pamba mbele inabana vidole tu, shida iko nyuma. Kama duka linakubali badilisha namba moja chini, kama halikubali weka soli ya ndani ya ziada na afunge kamba vizuri.

Kabla hajaondoka avivae nyumbani wiki nzima, na mfundishe mwenyewe kupaka, siyo wewe umpakie. Mpe brashi, kopo la kiwi na kitambaa viwe vyake. Siku za mwanzo soksi nyeupe asivae kama kanuni inaruhusu, ngozi nyeusi mpya inaachia rangi.

SWALI: Mambo! Nimeona mtandaoni mtu anaweka mfuko wa maji ndani ya kiatu, anakitia kwenye friza, asubuhi kimepanuka. Mchuchumio wangu mpya wa ngozi unanibana vidole vidogo, nijaribu? (Dada wa Kihesa, Iringa)

JIBU: Poa dada. Hesabu yake siyo uongo, maji yakiganda yanaongezeka kama asilimia 9, kwa hiyo yatasukuma. Tatizo yanasukuma kila upande, hayajui kidole chako kidogo kiko wapi, na kwenye mchuchumio mwembamba yanaweza kuachanisha gundi ya pembeni kabla hayajapanua unapopataka. Mfuko ukivuja ndo umelowesha ngozi ndani kwa ndani halafu umeigandisha. Tena friza ya samaki na kuku, harufu je?

Tafuta fundi mwenye kalibu ya kupanulia, ile ya mti yenye skrubu, nyingine zina vifundo unavyobandika pale palepale panapobana. Anakaa nacho siku moja au mbili, anakaza kidogo kidogo. Kama ni ngozi ya kung'aa, ile ya kioo, mwambie mapema aende taratibu sana, ule utando wa juu hautanuki, unapasuka.

SWALI: Shikamoo. Baba yetu ana kisukari, tumemnunulia viatu vizuri vya ngozi, anasema vinabana kidogo ila atavizoesha mwenyewe akienda navyo shamba. Tumwache? Ndaga. (Watoto wa mzee, Tukuyu)

JIBU: Marahaba, na hapana, msimwache. Kisukari kikikaa muda mrefu kinaweza kuua hisia za miguu, mzee anakwanguliwa wala hasikii, kakidonda kadogo kanakuwa donda lisilopona. Haya niliyoandika ya kuzoesha kiatu kigumu hayamhusu yeye. Anahitaji kiatu chenye nafasi na laini tangu siku ya kwanza, mishono ya ndani isiyokwaruza, soksi zisizobana, na kila akivua mtu amwangalie nyayo, katikati ya vidole na visigino, akivaa atie mkono ndani kwanza kuona kama hamna jiwe au msumari umechomoza. Ikionekana wekundu usioisha au mchubuko, kliniki siku hiyohiyo, msianze na dawa za kienyeji. Hivyo vinavyobana mpeni mdogo wenu.

SWALI: Viatu vyangu vipya vinalia. Nikitembea korido ya ofisi kila mtu anajua nimefika. (Karani, Mbeya)

JIBU: Vua, inua soli ya ndani, nyunyiza poda ya mtoto chini yake na pembeni, rudisha. Mara nyingi ni soli mbili zinasuguana na poda inamaliza. Ikiendelea kulia sikiliza kwa makini sauti inatoka wapi, kama ni kwenye ulimi paka krimu pembeni mwa ulimi, kama ni kisiginoni au katikati ya soli ujue gundi imeachia kwa ndani, hiyo poda haiwezi, ni ya fundi au dukani ulikonunua kama risiti bado unayo.